Uchaguzi Kabla ya Kuona: Wanafunzi wa Sekondari na Njia za Kazi

Kila mwaka, kabla ya kuufanya mtihani wa kumaliza kidato cha nne, wanafunzi wa Tanzania, ambao siku hizi hesabu yao imepita laki tano, hujaza fomu iitwayo Selform, na humo huandika shule za kidato cha tano wanazozitaka, tahasusi watakazosoma, na vyuo ambavyo wangependa kwenda endapo njia ya kidato cha tano haitawafungukia. Kwa sura yake ya nje fomu hiyo ni hati ya uchaguzi. Ina nafasi ya kwanza, na ya pili, na zinazofuata, na matokeo yakisha kutoka mwanafunzi hupewa muda mwingine wa kubadili aliyoyaandika. Lakini mtu akiketi na vijana wanaoijaza, akawauliza kwa upole sababu ya kila neno waliloliandika, atagundua kwamba aghalabu walichaguliwa na wengine au na mambo mengine: huyu na alama zake, yule na upungufu wa walimu katika shule yake, huyu na baba au mjomba, na yule na jina la kazi lililomvutia masikioni ilhali hajapata kumwona hata mara moja mtu aifanyaye akiwa katika shughuli yake.

Suala la kuwasaidia wanafunzi wa sekondari wazijue kazi na kuzipima kabla ya kujifunga nazo ni pana. Linagusa historia ya shule zetu, uchumi wa nchi, mila za jamaa, na hata ratiba ya vipindi vya darasani. Rai yangu, ambayo nataraji itadhihirika kadiri tunavyokwenda, ni kwamba mtu hawezi kuchagua asichokiona, na kwamba sehemu kubwa ya msaada tunaowapa vijana wetu leo ni maneno yanayowafikia baada ya milango iliyo mikubwa kufungwa.

Yafaa tuanze na asili ya heshima ya kazi, kwa kuwa kijana wa leo amerithi mizani ambayo hakuitengeneza yeye. Shule za serikali ya Wajerumani zilizofunguliwa pwani katika miaka ya 1890, ile ya Tanga ikiwa mashuhuri kuliko zote, zilikusudiwa kuipatia dola makarani, wakalimani na maakida. Na Waingereza walipokuja, ijapokuwa ujumbe wa elimu wa mfuko wa Phelps-Stokes uliozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ulihimiza elimu ifungamane na maisha ya shamba na kijiji, shule ya Tabora iliyofunguliwa mwaka uliofuata ilijulikana kwa kuwaandaa wana wa machifu kwa kazi za utawala, na waliotoka humo walionekana na watu wote wakiwa na mavazi safi na mshahara wa mwezi usiotegemea mvua. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye leo tunamkumbuka kwa tenzi na insha, aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akadumu katika utumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30. Mzazi wa zama hizo aliyemhimiza mwanawe kushika kalamu hakuwa mjinga. Alizisoma sawasawa dalili za dunia yake.

Baada ya uhuru mizani hiyo ilipata nguvu mpya. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969, uliweka azma kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu, na kwa ajili hiyo serikali ilizihesabu nafasi zilizopo, ikawagawa wanafunzi kwa mafungu ya masomo, na walipohitimu ikawapangia na kazi. Katika utaratibu wa namna hiyo mtu wa kumshauri kijana juu ya kazi hakuwa na shughuli kubwa, maana swali lilikuwa limekwisha kujibiwa na ofisi ya mipango. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alilalamika kwamba shule inamtenga kijana na jamii yake na kumfanya adharau kazi za wazee wake. Na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, pamoja na kuwapo kwa shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga na Mtwara. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza sharti kwamba kijana amalizaye kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Sharti hilo wengi walilichukia, na lilikuwa na madhara yake, hasa kwa masomo ya sayansi na uhandisi ambayo hayapendi kukatizwa. Walakini naona ndani yake mlikuwa na jambo jema lililotupwa pamoja na yale mabaya, nalo ni kwamba kijana alipewa muda wa kukaa miongoni mwa wafanyao kazi kabla hajaamua atasomea nini.

Kwa nini basi michepuo ile haikuyageuza matakwa ya vijana? Jawabu lilikuwa limekwisha kuandikwa hata kabla ya michepuo yenyewe. Mwaka 1965 Philip Foster, mtaalamu wa elimujamii aliyefanya uchunguzi wake nchini Ghana, alitoa hoja kwamba wanafunzi wa Kiafrika hawakukimbilia ofisini kwa sababu ya kufundishwa vitabu tu. Walikimbilia huko kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba mshahara na jaha viko ofisini, na kwa mtu atafutaye ofisi elimu ya vitabu ndiyo hasa elimu yake ya kazi. Ukibadili somo bila ya kubadili malipo, alisema, mwanafunzi atalisoma somo lako jipya huku macho yake yakiwa palepale. Ni hoja nzito, na kila serikali itungayo mtaala mpya kwa matumaini ya kuwapa vijana moyo mpya yapasa kuikabili kwanza. Lakini ndani ya hoja hiyohiyo mna faraja ambayo wengi wameipita bila kuiona: Foster aliwaheshimu wanafunzi, akawaona kuwa ni watu wenye akili wanaosoma dalili. Basi ikiwa ni wasomaji wa dalili, wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba dalili zinazowafikia ni kamili.

Na leo si kamili hata kidogo. Katika miaka ya 1990 serikali iliacha kuwaajiri wahitimu wote moja kwa moja, na tangu hapo hesabu ya ofisi na hesabu ya wanaozitaka zimeachana kabisa. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za idara ya Uhamiaji. Na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596 ilipokea maombi zaidi ya 135,000. Kijana wa kidato cha pili amwona yule mmoja aliyepata, ambaye hurudi kijijini mwezi wa Desemba na zawadi; wale waliokosa hawana mahali pa kuonekana. Kadhalika fundi wa majokofu aliyejenga nyumba tatu kwa kazi ya mikono yake haalikwi shuleni kuzungumza, ilhali mgeni rasmi wa mahafali, tangu nikumbuke, ni mtu wa ofisi.

Sasa natufike mahali ambapo uchaguzi wenyewe hufanyika, nami naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo kwa muda. Watu husema kwamba mwanafunzi huichagua njia yake amalizapo kidato cha nne. Kwa hakika mlango ulio mkubwa zaidi hufungwa miaka miwili kabla. Chini ya mtaala ambao wengi wa vijana wetu wamesomeshwa, baada ya mtihani wa upimaji wa kidato cha pili mwanafunzi huruhusiwa kuiacha fizikia na kemia, naye huingia kidato cha tatu akiwa mtu wa sayansi, au wa sanaa, au wa biashara. Yamkini ana umri wa miaka 15 au 16. Siku aziachapo fizikia na kemia ameacha pamoja nazo udaktari, ufamasia, uhandisi, urubani, kazi za maabara, na sehemu kubwa ya kazi za umeme na mitambo zitakazo stashahada. Wala hakuna aliyemsomea orodha hiyo. Msichana ambaye tangu utotoni husema kwamba atakuwa muuguzi, akaiacha kemia kwa sababu ilimchosha au kwa sababu rafiki zake wameiacha, huja kujua baada ya matokeo ya kidato cha nne kwamba vyuo vya uuguzi vinadai kemia, na biolojia, na fizikia pia. Nimewaona wasichana wa namna hiyo wakilia mbele ya ubao wa matangazo, na machozi yao hayana tiba ya haraka, maana kurudia masomo mawili ya sayansi nje ya shule kwataka fedha na maabara.

Tena sababu za kuyaacha masomo hayo mara nyingi hazimo ndani ya mwanafunzi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata kwa wingi usiopata kuonekana, na kwa hilo mamia ya maelfu ya watoto walipata nafasi ambayo baba zao hawakuipata. Ni tendo kubwa, wala silipunguzi. Lakini majengo yalikwenda mbio kuliko walimu wa fizikia na hisabati, na kuliko maabara. Katika shule ambayo somo la fizikia hufundishwa na mwalimu wa kujitolea anayekuja muhula mmoja na kukosekana muhula wa pili, kijana mwenye kipawa cha mitambo huonekana kwenye daftari la alama kuwa hana kipawa, naye huamini. Hapo ushauri wa kazi wataka kuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba alama ile yapima shule kama impimavyo yeye.

Mwezi wa Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, na jumla yake ikawa 65 kutoka 16 za awali. Nia ni njema, kwani tahasusi za zamani, PCM na PCB, HGL na HKL na wenzake, ziliwabana wanafunzi wenye mchanganyiko wa vipawa, na sasa muziki, michezo, lugha na elimu ya dini zimepata nafasi yake. Hata hivyo njia zikizidi kuwa nyingi haja ya mwongozaji nayo huzidi. Kijana aliyekuwa akikisia kati ya 16 sasa hukisia kati ya 65, na mwalimu wake, ambaye mwenyewe alisoma mojawapo ya zile za zamani, hajui kila mpya inampeleka mtu wapi.

Nani basi humwongoza? Kwa kawaida katika kila shule huwapo mwalimu wa malezi na unasihi, naye ni mwalimu kama wengine, mwenye vipindi vyake vya historia au biolojia, aliyekabidhiwa pia nidhamu, mimba za utotoni, wagonjwa, mayatima na wanaokosa sare. Kumtaka afahamu na soko la ajira ni kumtwisha mtu mmoja mizigo ya watu watano. Juu yake huja wageni: mhitimu wa chuo kikuu anayewaambia vijana wasikate tamaa, au wakala wa chuo binafsi anayegawa vipeperushi. Maneno ya kutia moyo yana kheri yake, lakini kijana aliyetiwa moyo bila kuonyeshwa njia huondoka na joto linalopoa kabla ya jioni. Maonesho ya vyuo vikuu yafanyikayo Mnazi Mmoja kila mwaka yana maarifa tele, walakini yamekusudiwa wale waliokwisha kumaliza kidato cha sita, yaani wale ambao mlango wa kidato cha tatu umefungwa nyuma yao miaka mingi. Hata viwanja vya Nanenane, ambako wanafunzi hupelekwa kwa mabasi wakiwa na sare zao, hutembelewa kama tamasha. Huwaona ng'ombe wakubwa na mashine mpya, wakarudi bila ya kumwuliza mtu hata mmoja aliipataje kazi yake.

Kuna hasara nyingine, nayo ni ukubwa wa yale yasiyojulikana. Kijana wa Bagamoyo aweza kumaliza shule kilomita chache kutoka Mbegani asijue kwamba pale pana chuo cha uvuvi ambacho hufundisha hata utengenezaji wa vyombo na uhifadhi wa samaki. Na mwenzake wa Moshi aweza kuitazama miteremko ya Kilimanjaro kila asubuhi asijue kwamba pale Mweka, tangu mwaka 1963, wahifadhi wa wanyamapori wa nchi nyingi za Afrika wamekuja kujifunza. Ipo Olmotonyi ya misitu, upo Chuo cha Maji na Chuo cha Bahari mjini Dar es Salaam, vipo vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora, ipo taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, na ipo ile ya usafirishaji ambako watu hujifunza mpaka utunzaji wa ndege. Na kazi mpya zimezaliwa ambazo hakuna mzazi aliyezikuta: treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 yawataka madereva, mafundi wa nyaya na waongozaji wa ishara za reli, na bwawa la Julius Nyerere la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lawataka watunzaji wa mitambo kwa miaka yote litakayosimama. Mtoto akiulizwa darasani atakuwa nani, hujibu daktari, mwanasheria, rubani, mwalimu, mwanajeshi. Hutaja kazi tano kwa sababu anazijua tano.

Wenye kutafiti jambo hili kitaalamu humtaja mara nyingi Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya kuwashauri vijana juu ya kazi mjini Boston, Marekani, mwezi wa Januari 1908, katika mtaa wa wahamiaji maskini, akafariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kusema: mtu ajijue nafsi yake, azijue kazi na masharti yake, kisha afikiri sawasawa juu ya uhusiano wa hayo mawili. Vipimo vingi vya tabia na vipawa wanavyopewa wanafunzi ulimwenguni leo ni vitukuu vya kanuni hiyo. Sina ugomvi nayo, ila nasema kwamba Parsons aliishi katika mji wa viwanda ambamo kazi zilitangazwa na mishahara yake ikajulikana, ilhali kwetu zaidi ya nusu ya watu wapata riziki katika kilimo, na wengi wa waliosalia hufanya shughuli ambazo hazina tangazo wala barua ya kuajiriwa. Kumpa kijana wa Newala karatasi ya maswali 60 juu ya hulka yake, kisha kumwambia kwamba anafaa kuwa mtafiti wa masoko, ni kumpa jina la kitu asichoweza kukifuata. Kwetu hatua ya pili ya Parsons, ile ya kuzijua kazi, ndiyo iliyo ngumu na yenye haja kubwa, na hailetwi na karatasi.

Yafaa kukumbuka pia maneno ya Linda Gottfredson, Mmarekani aliyeandika mwaka 1981, kwamba watoto huanza kuzifuta kazi akilini mwao mapema mno: kati ya miaka sita na minane hufuta zile wanazoona si za jinsi yao, na kati ya tisa na 13 hufuta zile wanazoona ni duni. Hakuna anayewafundisha kwa makusudi. Huona tu nani hufanya nini. Mtoto wa kike ambaye hajapata kumwona mwanamke akiwa juu ya nguzo ya umeme haikatai kazi hiyo kwa hoja, bali haimjii kabisa. Na dawa yake ni moja tu, kumwona mwanamke huyo, naye yupo. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vimekwisha kuwatoa wanawake mafundi umeme, mafundi wa magari na wachomeleaji, wala haitaki bajeti kubwa kumwita mmoja wao akae na darasa la kidato cha kwanza mchana mmoja, na zana zake mezani.

Nchi ambazo zimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu hazikuliacha kwa maneno matupu. Nchini Ujerumani, ambako katika majimbo mengi mtoto hugawanywa katika aina za shule akiwa na umri wa miaka 10 tu, jambo ambalo mimi siliungi mkono, wanafunzi wa darasa la nane au la tisa hutumwa wiki mbili au tatu katika karakana, duka, hospitali au ofisi, wakashika ufagio na faili, wakaona saa za kazi zilivyo ndefu. Na wale wachaguao ufundi huendelea chini ya utaratibu uliowekewa sheria mwaka 1969, siku nyingi za juma wakiwa kazini na siku moja au mbili shuleni. Nasi pwani tulikuwa na utaratibu wetu kabla ya hapo. Mwanagenzi alikaa na fundi wa majahazi, au wa milango ya nakshi, au sonara, akaanza kwa kufagia na kushika zana, na katika miezi ile ya awali fundi alimpima yeye, naye aliipima kazi; waliopatana waliendelea hata siku ya kuhitimu, fundi akapewa kilemba chake. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, kwa kuwa ulifungika ndani ya ukoo, wanawake hawakuingia katika fani nyingi, na aliyefuzu hakuwa na hati ya kumwonyesha mtu asiyemjua. Lakini kujaribiana kabla ya kujifunga, ambako ndiko tunakokukosa leo, walikuwa nako.

Kasoro ya hati imekwisha kupata dawa, na katika dawa hiyo naiona fursa ambayo haijatumiwa. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa, hufundishwa pale alipopungukiwa, akapewa cheti. Maana yake ni kwamba ipo tayari orodha ya mafundi wanaotambuliwa, waliotawanyika nchi nzima, wanaozijua kazi zao na kuthibitishwa hivyo. Kila shule ya sekondari ingeweza kuwaomba wachache walio karibu nayo, pamoja na zahanati, ofisi ya kata, mwenye ghala, mfugaji wa kuku na mwenye duka la dawa, wawapokee wanafunzi wawili wawili kwa siku chache. Na muda upo: mtihani wa kidato cha pili hufanyika mwishoni mwa mwaka, na baada yake, mpaka shule zifungwe, wanafunzi hao hukaa na kufyeka majani, na siku hizo ndizo hasa zinazotangulia uamuzi wa kuacha fizikia au kubaki nayo.

Ziara hizo zisiwe za kutazama tu. Mwanafunzi aende na maswali ambayo ameyatunga mwenyewe: fundi alianzaje, alitumia fedha kiasi gani kabla ya kupata ya kwanza, msimu mbaya anapata nini na mzuri anapata nini, mwili unaumia wapi, hesabu gani anaitumia kila siku, na kama mtoto wake akitaka kuifuata kazi hiyo atamruhusu. Swali hili la mwisho hutoa majibu ya kweli kuliko yote. Akirudi, aandike insha, na mwalimu wa Kiswahili aisahihishe kama asahihishavyo insha nyingine, ili kusiongezwe somo jipya katika ratiba iliyojaa.

Mintarafu ya wazazi, wengi huwalaumu kwa kuwalazimisha watoto, nami naona lawama hiyo imezidi kipimo. Mzazi anayelipa nauli na madaftari kwa fedha za korosho hutafuta usalama, na usalama anaoujua ni wa zama zake. Mpe habari za kweli naye atafikiri upya. Lakini habari hizo hazipo mikononi mwa shule. Vyuo vyetu hutangaza ada na majengo, wala havisemi kati ya waliohitimu miaka mitatu iliyopita wangapi wapo kazini, na kazi gani. Chuo kinachopokea fedha za umma, ama kwa ruzuku ama kwa mikopo ya wanafunzi, kingepaswa kuwafuatilia wahitimu wake na kuzichapisha habari hizo kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, zibandikwe katika kila shule. Fedha za mikopo nazo ni mshauri mwenye sauti kubwa kuliko mwalimu yeyote: Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005 ilifungua njia ya chuo kikuu kwa watoto wa maskini, na kwa sababu miaka mingi ilikopesha wa shahada peke yao, ilimfundisha kijana bila kusema kwamba njia nyingine ni za waliokosa. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya wanafunzi wa stashahada nao wameanza kukopeshwa, na hatua hiyo moja, ikipanuliwa, itawageuza vijana wengi kuliko hotuba za mwaka mzima.

Majirani zetu wa Kenya wako katika jaribio ambalo yatupasa kulifuatilia kwa makini. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ambao nao ulikuja na ushoni, useremala na sayansi kimu ndani yake, umepisha mtaala wa umilisi, na mwaka 2025 wanafunzi wa gredi ya tisa walichagua mojawapo ya njia tatu za shule ya upili ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wapangaji waliweka makadirio ya asilimia 60, 25 na 15. Sitilii shaka kwamba Kenya yahitaji watu wa sayansi. Ila uwiano uliowekwa kabla ya watoto kuulizwa waturudisha kwenye ofisi ya mipango ya mwaka 1964, na shule isiyo na maabara itatimiza hesabu yake ya 60 kwa namna iwezayo.

Kwetu sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali, na tangu Januari 2024 zipo shule ambazo mtoto huanza mkondo wa amali akiwa kidato cha kwanza. Nimeukaribisha mkondo huo, na sera inasema kwamba aufuataye hafungiwi elimu ya juu. Lakini hesabu ya umri yatutaka tuwe na hadhari: uchaguzi tuliosema kwamba ni wa mapema mno kidato cha pili umerudishwa nyuma miaka miwili zaidi, kwa mtoto wa miaka 13 au 14, na elimu ya msingi ikifupishwa kuwa miaka sita, kama ilivyopangwa, umri huo utapungua tena. Maadamu ni hivyo, ziara za karakana na mashamba haziwezi kungoja sekondari. Zianze darasa la tano, na shule za sekondari za amali ziwafungulie milango watoto wa shule za msingi zilizo jirani kabla hawajapangiwa. Na kwa yule atakayeona baada ya mwaka mmoja kwamba ushonaji au umeme haukuwa wake, uwekwe utaratibu ulioandikwa wa kuhamia mkondo mwingine bila ya kurudishwa nyuma darasa, mkuu wa shule akiwa na mamlaka ya kuukubali bila kungoja barua kutoka Dodoma, na halmashauri ikiwa imetenga nauli na chakula cha mchana cha siku zile ambazo wanafunzi watakuwa nje ya shule, wakizitazama kazi.